Rangi Maalumu na Jina Lake: Uandaaji wa Ramani ya Lodwar hadi Nadapal kwa Ajili ya Uchapaji

Utangulizi

Barabara kuu ya A1 inapotoka Lodwar huelekea kaskazini-magharibi, ikapita Kakuma na Lokichoggio, hadi ikafika Nadapal kwenye mpaka wa Kenya na Sudan Kusini. Anayetaka kuichora safari hiyo katika ramani ya ukurasa mmoja, kwa matumizi ya darasani, hukabiliwa mara moja na mistari mitatu. Wa kwanza ni barabara yenyewe. Wa pili ni mto wa msimu, kwa mfano Tarach unaopita Kakuma, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu na ambao, kwa desturi ya wachoraji wa ramani, huchorwa kwa mstari wa vipande-vipande. Wa tatu ni mpaka. Mpaka huu umekuwa na mvutano wa muda mrefu, na desturi ileile ya uchoraji hutaka mpaka usioafikiwa nao uchorwe vipande-vipande. Juu ya karatasi, kinachoutenga mto na mpaka ni rangi peke yake. Rangi ikikosewa, mwanafunzi atasoma mpaka mahali penye mto, au mto mahali penye mpaka.

Makala haya yanaeleza jinsi rangi maalumu zinavyoandaliwa katika mchoro wa matabaka kabla mchoro huo haujapelekwa kiwandani kuchapwa. Ramani ya Lodwar hadi Nadapal inatumiwa kama mfano wa kufundishia. Hoja inayotetewa ni kwamba katika kazi hii rangi ni jina kabla ya kuwa wino, na kwamba makosa mengi yanayohesabiwa kuwa ya kiufundi huanzia katika msamiati.

Huenda msomaji akauliza mada ya kiwanda cha uchapaji imefikaje katika jarida la Kiswahili. Jibu liko katika kazi ambazo wahitimu wa Kiswahili hufanya. Wao ndio wahariri wa vitabu vya kiada, wafasiri wa mabango ya afya, waandishi wa maelezo ya picha na ramani. Aghalabu faili la mwisho hupita mikononi mwao kabla ya kumfikia mpigachapa. Aidha, kambi ya wakimbizi ya Kakuma imekuwapo tangu mwaka 1992, na shule zake, pamoja na zile za makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani, hufuata mtaala wa Kenya ambamo Kiswahili ni somo. Mtoto aliyezaliwa katika familia iliyotoka Sudan Kusini na mtoto wa mfugaji wa Kiturkana hukaa dawati moja na kusoma ufunguo mmoja wa ramani. Ramani ya eneo lao wenyewe, yenye maandishi ya Kiswahili, si pambo la ukutani.

Wino wa kopo na wino wa nukta

Uchapaji wa kawaida wa picha za rangi hutumia wino wa aina nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Kila wino una bamba lake (mafundi wengi husema pleti), na kila bamba hubeba nukta ndogo sana. Nukta hizo zikipangwa pamoja, jicho la msomaji huziunganisha na kuona kijani, kahawia au zambarau ambayo kwa hakika haimo katika karatasi. Ni udanganyifu mwema, na kwa picha za watu na mandhari hautoi shida yoyote.

Rangi maalumu hufanywa kinyume cha hivyo. Wino wake huchanganywa kwanza, ndani ya kopo, kwa vipimo vya mizani, kisha ukatiwa mashineni ukiwa tayari ni kahawia au kijani. Haiachi jicho limalizie kazi. Kampuni ya Pantone ilianza kuuza mfumo wake wa kulinganisha rangi mwaka 1963, mwaka uleule bendera ya Kenya ilipopandishwa, na tangu hapo mpigachapa wa mji mmoja ameweza kuagizwa wino kwa namba na kutoa rangi ileile iliyotolewa na mwenzake wa mji mwingine.

Kwa nini ramani ihitaji wino wa kopo? Sababu iko katika wembamba wa mistari yake. Mstari wa kontua unaozunguka kilima karibu na Lokichoggio unaweza kuwa na upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Kahawia ya kontua hiyo ikitengenezwa kwa nukta za majenta, manjano na nyeusi, mabamba matatu lazima yaangukie mahali pamoja bila kupishana hata kidogo. Karatasi ikivuta unyevu na kutanuka, au mashine ikitetemeka, kontua moja huwa tatu zenye ukungu. Kahawia ya kopo haina mwenzake wa kupishana naye. Huchapwa na bamba moja, mara moja, na mstari hubaki mstari.

Ndiyo maana ramani za serikali zilizochapwa kwa muda mrefu katika Afrika Mashariki zilikuwa kazi za rangi maalumu. Idara ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya upimaji wa makoloni, na kubadilishwa jina mwaka 1957 kuwa idara ya upimaji wa ng'ambo, ilitoa pamoja na idara za upimaji za nchi husika ramani ambazo mpangilio wake wa rangi ungali unafundishwa: nyeusi kwa majina na majengo, buluu kwa maji, kahawia kwa kontua, kijani kwa uoto, nyekundu kwa barabara kuu. Wachoraji wa enzi hiyo hawakuwa na kompyuta. Kila rangi ilichorwa katika karatasi yake angavu ya plastiki, kwa kuchonga utando uliopakwa juu yake, na karatasi zote zilitobolewa matundu pembeni ili zipachikwe katika pini zilezile zisisogee. Yale ambayo programu za leo huyaita matabaka yalikuwa, kwa wachoraji hao, vitu vya kushikwa mkononi.

Mswahili hakuhitaji ramani kuijua kanuni hii. Kanga ya kisutu, ambayo ni ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni kazi ya rangi maalumu mbili: nyeupe ni kitambaa chenyewe kilichoachwa bila kuguswa, na nyekundu na nyeusi kila moja hupigwa kivyake. Jina la kanga, hata liwe la kejeli kali kiasi gani, halisomeki ikiwa pigo moja limeteleza na kulipanda lingine. Inafurahisha, na pengine si kwa bahati tu, kwamba rangi tatu za kisutu ndizo rangi tatu pekee ambazo Kiswahili kina vivumishi vyake asilia vinavyopatanishwa na nomino: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine zote zimeazimwa kwa vitu au kwa lugha nyingine.

Tabaka si bamba

Kosa la kwanza la anayejifunza ni kudhani kwamba kila tabaka la mchoro litakuwa bamba moja. Kwa wachongaji wa zamani ilikuwa hivyo. Katika programu ya kompyuta sivyo. Tabaka ni mpangilio wa mchoraji, wa kumwezesha kufunga, kuficha au kusogeza sehemu ya kazi bila kugusa nyingine. Bamba hutokana na rangi. Mchoro wenye matabaka thelathini, ambamo kila kitu kimepakwa buluu ileile, utatoa bamba moja. Mchoro wa tabaka moja wenye rangi tano utatoa mabamba matano.

Hata hivyo, mchoraji mwenye busara huyapanga matabaka yake kana kwamba ni mabamba, kisha huyagawa zaidi kwa maana. Kwa ramani ya Lodwar hadi Nadapal, kundi la juu kabisa litakuwa la nyeusi: tabaka la majina ya miji, tabaka la barabara, tabaka la shule na zahanati. Chini yake nyekundu ya mpaka, ambayo katika ramani hii haitapewa kazi nyingine yoyote. Halafu buluu: tabaka la mito ya msimu, tabaka la mito ya kudumu kama Turkwel unaopita Lodwar, tabaka la visima na la majina ya maji. Halafu kahawia ya kontua. Chini kabisa kijani, yenye ukanda wa mikoma na migunga kando ya Turkwel na vichaka vya mathenge kando ya Tarach.

Mpangilio huu una faida mbili. Mhariri akitaka kuhakiki majina ya mahali huficha kila kitu isipokuwa nyeusi. Pia mpaka ukihitaji kurekebishwa, hakuna anayelazimika kuugusa mto.

Kuhusu buluu, jambo moja linastahili kutajwa kwa sababu huokoa fedha. Wino mmoja wa kopo unaweza kuchapwa kwa ukamilifu wake au kwa asilimia. Ikiwa ramani itapanuliwa mashariki hadi ifike Ziwa Turkana, ukingo wa ziwa utachorwa kwa buluu ya asilimia 100 na eneo la maji kwa asilimia 20 ya buluu hiyohiyo. Bamba ni moja, kopo ni moja, gharama ni moja, na msomaji ataona buluu mbili. (Maji ya ziwa hilo, kwa kweli, yana ukijani unaotokana na mwani, na wageni walilisifu kwa ukijani huo. Buluu ya ramani haikuwahi kuwa shahidi wa macho. Ni mapatano tu, kama maneno yalivyo mapatano.)

Jina la rangi

Hapa ndipo mwanaisimu na fundi wa uchapaji wanapokutana. Programu haioni rangi, inasoma jina. Mchoraji anapounda rangi maalumu huipa jina katika orodha ya faili, na kila jina hutoa bamba. Kwa hiyo ikiwa mito imechorwa kwa rangi iitwayo Buluu, majina ya mito kwa rangi iitwayo Bluu, na visima vimenakiliwa kutoka faili la mtu mwingine aliyeiita Samawati, kiwanda kitapokea mabamba matatu ya maji hata kama macho ya wote waliohusika yaliona rangi moja kwenye skrini. Herufi kubwa badala ya ndogo, au nafasi iliyoachwa mwishoni mwa neno, huweza kutosha kuzaa bamba jipya. Vivyo hivyo kwa namba za Pantone: namba moja inayofuatwa na herufi C na namba hiyohiyo inayofuatwa na U ni wino uleule, ila ya kwanza inaonyesha sura yake juu ya karatasi ya kung'aa na ya pili juu ya karatasi isiyong'aa. Programu hailijui hilo. Itatoa mabamba mawili.

Wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa, na ni haki, kwamba wingi wa visawe ni utajiri wa lugha. Mshairi anayetafuta vina huona raha kuwa na buluu, samawati, samawi na nili. Katika faili la kuchapa, utajiri huo ni hasara inayolipwa taslimu, kwa sababu kila bamba lina bei na kila bamba la ziada linaweza kumaanisha karatasi zote kupitishwa mashineni mara nyingine. Katika ushairi kisawe huteuliwa upya kila penye haja. Hapa huteuliwa mara moja, mwanzoni, na kila aliyemo kazini hukishika.

Ugumu unaongezeka kwa sababu majina ya rangi ya Kiswahili yana mipaka inayoyumba. Kwa baadhi ya wazungumzaji samawati ni buluu yoyote; kwa wengine ni buluu nyepesi ya anga peke yake. Katika uchapaji, samawati inafaa zaidi ibaki kuwa jina la wino mmoja kati ya ile minne, na buluu iachiwe kazi nyinginezo. Kijani hutokana na jani, lakini majani ya Turkana mwezi wa Februari si majani ya Kakamega. Kahawia hutokana na kahawa, na fundi anayekunywa kahawa ya maziwa si yule anayekunywa ya tangawizi. Kutokana na hali hiyo, makala haya yanapendekeza kwamba jina la rangi maalumu katika faili la Kiswahili liwe na sehemu mbili: jina la rangi na jina la kazi yake. Buluu Maji. Kahawia Kontua. Kijani Uoto. Nyekundu Mpaka. Namba ya wino iandikwe katika barua ya agizo na pembeni mwa karatasi, nje ya eneo litakalokatwa. Jina la namna hii humwambia mhariri asiyejua namba kwamba kuna kosa pindi anapoona kisima kimepakwa Kahawia Kontua.

Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania limesanifisha istilahi za nyanja nyingi tangu lilipoundwa mwaka 1967. Viwandani, hata hivyo, mafundi wa Nairobi na wa Dar es Salaam wana maneno yao, na mara nyingi maneno hayo ni ya kueleweka kuliko yale ya vitabuni. Pleti ni mfano mzuri. Mwanafunzi atakayeingia kiwandani na bamba mdomoni asishangae kujibiwa kwa pleti; asikilize, aandike.

Kutoboa, kuchapa juu na kulaliana

Rangi mbili zinapokutana mahali pamoja katika mchoro, mpangaji ana chaguo mbili. Anaweza kuitoboa rangi ya chini, yaani kuacha nafasi tupu yenye umbo la kitu cha juu, ili wino wa juu uangukie karatasi nyeupe. Au anaweza kuchapa juu, yaani kuacha rangi ya chini kamili na kuuweka wino mwingine juu yake. Programu nyingi, zisipoambiwa lolote, hutoboa.

Kwa majina meusi kutoboa ni kosa. Neno Kakuma, likiwa limeandikwa kwa herufi ndogo juu ya ukanda wa kijani, likitobolewa katika kijani hicho litaacha tundu la umbo la herufi, na bamba jeusi likisogea hata kwa upana wa unywele, kila herufi itavaa ukingo mweupe upande mmoja. Nyeusi ni nzito ya kutosha kufunika chochote, ichapwe juu. Kadhalika kontua za kahawia juu ya asilimia ndogo ya kijani: mchanganyiko utaifanya kahawia iwe nzito kidogo tu, na hakuna atakayedhurika.

Nyekundu ya mpaka ni kesi tofauti, na ndiyo inayoponza watu. Aina nyingi za wino wa ofseti hupitisha mwanga. Rangi ya chini huonekana kupitia ya juu. Mstari mwekundu ukichapwa juu ya kijani kizito, mahali unapoikata kijani hugeuka kuwa kahawia iliyokolea. Katika ramani hii kahawia ina maana yake tayari. Kwa hiyo mpaka unapovuka bonde lenye vichaka utaonekana kukatika, na mahali pake itatokea kitu kinachofanana na kontua fupi isiyo na kilima. Hakuna mhariri atakayeliona kosa hilo kwenye skrini ikiwa hajaiwasha njia ya kuonyesha rangi zinazochapwa juu, kwa sababu bila njia hiyo skrini huonyesha nyekundu safi.

Dawa ni kuitoboa kijani chini ya mpaka. Lakini tundu lenyewe ni jembamba, na tatizo la kusogea kwa bamba linarudi: upande mmoja utabaki mweupe. Hapo ndipo inapohitajika kulaliana. Ukingo wa tundu hufinywa kidogo, takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, ili nyekundu na kijani zipandane kwenye kingo tu. Kanuni ya jumla ni kwamba rangi nyepesi ndiyo inayopanuliwa kuingia katika rangi nzito, kwa kuwa umbo la kitu husomwa kutokana na rangi nzito, na umbo hilo halifai kuguswa. Njia nyingine, iliyo rahisi na ambayo mwenye bajeti ndogo angeipendelea, ni kupunguza kijani hadi asilimia 15 au 20. Juu ya kijani hafifu kiasi hicho, nyekundu hubaki nyekundu. Uoto wa eneo lenyewe hauna msitu wa kuhitaji zaidi.

Vivuli na uangavu, vitu ambavyo programu huvitoa kwa kubofya mara moja, viepukwe kabisa katika ramani. Mara nyingi programu inapoyeyusha uangavu ili faili lichapike, huigeuza rangi maalumu kuwa nukta za wino minne bila kumwarifu mtu, na kopo la kahawia lililokwisha kununuliwa hubaki rafuni.

Mstari Mwekundu na Mstari wa Buluu

Nadapal iko jirani na Pembetatu ya Ilemi, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 10,000 ambalo umiliki wake haujawahi kutatuliwa. Historia yake ni historia ya mistari. Mwaka 1914 ulichorwa mpaka kati ya Uganda na Sudan, wakati ambapo nchi ya Waturkana ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka 1926 eneo hilo likahamishiwa Kenya. Mwaka 1938 upimaji wa pamoja wa Kenya na Sudan uliweka mstari uliofuata malisho ya Waturkana, na mstari huo ukaja kujulikana kama Mstari Mwekundu. Katika miaka ya 1940 Waingereza walichora mwingine, mbele zaidi upande wa kaskazini-magharibi, ukaitwa Mstari wa Buluu. Mwaka 1950 Sudan nayo ikaweka mstari wake wa doria, mbele zaidi ya hapo.

Majina haya ni ya rangi. Kalamu za wachoraji zimekuwa istilahi za kisiasa, na mtu anaweza kujadili Mstari Mwekundu mahakamani au bungeni bila kuwa na ramani yoyote mbele yake. Mchoraji wa ramani ya shule hana nafasi hiyo. Akitaka kumwonyesha mwanafunzi mistari yote miwili, Mwekundu na wa Buluu, atagundua kwamba jina na wino havipatani.

Mstari Mwekundu hauna shida: utachapwa kwa Nyekundu Mpaka. Lakini Mstari wa Buluu ukichapwa kwa Buluu Maji, kwa vipande-vipande, utakuwa mto wa msimu. Mtoto wa Lokichoggio aliyezoea kuona mito inayotokea na kutoweka hatakuwa na sababu ya kushuku. Wapo watakaopendekeza kopo la sita, buluu nyingine iliyokolea, iitwe Buluu Mpaka. Pendekezo hilo linaheshimu jina la kihistoria, lakini linasahau jicho: buluu mbili katika mistari ya nusu milimita hazitofautiki, hasa darasani ambamo dirisha ni moja. Bamba la sita litakuwa limenunuliwa bure. Wapo pia ambao, ili kuokoa bamba, wataiondoa nyekundu na kuuchapa Mstari Mwekundu kwa buluu. Hilo ni kosa zito kuliko yote yaliyotajwa katika makala haya, kwa sababu mwenye kuijua historia atausoma mstari huo kuwa ule mwingine, na ardhi kubwa itakuwa imehama kutoka upande mmoja wa madai hadi mwingine kwa sababu ya bei ya pleti.

Suluhisho linalopendekezwa hapa ni kuutenga wino na jina. Mistari yote ya mpaka, iliyopo na ya kihistoria, ichapwe kwa Nyekundu Mpaka, na itofautishwe kwa umbo: vipande virefu kwa Mstari Mwekundu, kipande na nukta kwa Mstari wa Buluu, nukta tupu kwa mstari wa doria wa 1950. Kisha jina la kila mstari liandikwe kwa herufi nyeusi, likiufuata mstari wenyewe, pamoja na mwaka pale unapojulikana kwa yakini. Msomaji atashtuka kidogo kuona maneno Mstari wa Buluu kando ya mstari mwekundu. Mshtuko huo ni wa manufaa, kwa kuwa utampeleka kwenye ufunguo wa ramani, na ufunguo utamweleza kwamba hilo ni jina la tukio. Ufunguo uandikwe kwa tahadhari: mpaka usioafikiwa, si mpaka, mahali ambapo haujaafikiwa. Kivumishi hicho kimoja hakigharimu bamba.

Hakiki, nakala na jua

Kabla faili halijatoka mikononi, orodha ya rangi ifunguliwe na kuhesabiwa. Ikiwa ramani ni ya wino tano na orodha ina majina saba, kuna visawe viwili vilivyojificha. Kisha kila bamba lichapwe peke yake kwa nyeusi katika karatasi ya kawaida, na karatasi hizo zipandanishwe na kuinuliwa dirishani. Njia hii ya kizamani hufichua mambo ambayo skrini huyaficha: kisima kilichopotelea katika bamba la kahawia, jina la Nadapal lililobaki katika nyekundu, tundu la herufi katika kijani.

Baada ya hapo ramani itoke na kuishi maisha yake. Katika shule nyingi kati ya Lodwar na Kakuma, maisha hayo ni ya mashine ya kunakili. Nakala moja ya rangi huwa mama wa nakala arobaini nyeusi. Buluu, nyekundu na kahawia zote huwa kijivu, na kazi yote ya makopo hupotea. Kinachosalia ni umbo la mstari. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutoutegemea wino peke yake. Vipande vya mto viwe vifupi na mstari wake upinde-pinde. Vipande vya mpaka viwe virefu, vinene, vyenye nafasi sawa. Wafugaji wa eneo hili wana maarifa ambayo mchoraji angefaa kuyaazima: hawamtambui ng'ombe kwa rangi tu, bali kwa rangi pamoja na mpangilio wake, awe wa madoa, wa michirizi au wa mgongo mweupe, na lugha yao ina maneno ya kuyataja hayo yote kwa pamoja. Mnyama wa namna hiyo hapotei hata gizani.

Nakala ya mama yenyewe hubandikwa ukutani. Lodwar ni kati ya miji yenye joto kali zaidi nchini Kenya, na jua lake huingia madarasani muda mwingi wa siku. Wino haufifii kwa kasi moja. Nyeusi inayotokana na kaboni na buluu nyingi za kisasa hudumu miaka. Manjano na nyekundu za bei nafuu huanza kupauka mapema. Ramani iliyochapwa bila kulizingatia hilo itapoteza mpaka wake kwanza, huku mito yote ikiwa ingali imara, na mwalimu atakayepangiwa shule hiyo miaka michache baadaye atarithi ramani isiyoonyesha kwamba Kenya inaishia mahali. Uwezo wa wino kustahimili mwanga hupimwa kwa ngazi 1 hadi 8, na viwanda hutoa kiwango hicho vikiulizwa. Kwa hiyo barua ya agizo itaje, kando ya namba ya Nyekundu Mpaka, kwamba wino wake usiwe chini ya ngazi ya 6, na hilo liandikwe kabla bei haijaafikiwa.